KAZI YA WENGI: NAMNA PROGRAMU ZA ORDINATERI ZINATENGENEZWA



Wengi kati yetu wanafikiri programu ya ordinateri inatoka katika kichwa cha mtu mmoja mwenye akili nyingi. Haiko vile. Programu ni maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari, na programu kubwa iko na mamilioni ya mistari. Mtu mmoja hawezi.

Tutazame Linux. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, alianza kuiandika peke yake. Kisha akaonyesha wengine na kuomba maoni yao. Leo maelfu ya watu wamekwisha kutia mkono, na simu za Android zinatumika juu yake.

Namna gani hawagombani? Kwanza, kila sehemu iko na mlinzi wake. Pili, hakuna kubadilisha kwa siri: mtu anaandika mabadiliko, anaeleza sababu, anatia jina lake, halafu wengine wanasoma. Kama kuna kosa, wanamrudishia, anatengeneza tena. Tatu, wako na Git, programu ambayo Torvalds yule yule alianzisha mwaka 2005. Ni kama kaye inayoshika nani alibadilisha nini, na siku gani. Kitu kikiharibika, wanarudi nyuma.

Na wasomaji wakiwa wachache? Mwaka 2014 kosa kubwa lilionekana katika OpenSSL, programu ya kulinda siri katika intaneti. Likaitwa Heartbleed. Programu ilisahau kupima kama urefu wa ujumbe ni wa kweli. Njo maana mwizi aliweza kudanganya urefu, na mashini ikamrudishia siri za wengine. Maandishi yale hayakufichwa, kila mtu aliweza kuyasoma. Hata hivyo kosa lilikaa miaka 2, juu dunia nzima ilitumia kazi ile, lakini walioitunza walikuwa kikundi kidogo sana.

Basi kuacha mlango wazi haitoshi. Lazima watu waingie. Katika kazi zetu za kikundi, mara mingi mmoja anaandika, wanne wanatia majina tu. Siku ya kosa, wote tano wanapata zero, na wanne hawajui hata sababu. Ndugu, usitie jina kwa karatasi usiyosoma. Na wewe uliyeandika, mwenzako akikuonyesha kosa usikasirike: amekusaidia mbele ya mwalimu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho