Lugha za Programu kwa Kompyuta Kongwe

Kompyuta kuukuu zinazovuka bahari kuja Unguja, baadhi zikipitia Dubai na baadhi zikipitia Dar es Salaam, aghalabu zilitumika kwanza katika ofisi za wahandisi, wasanifu wa majengo na watengenezaji wa filamu huko ughaibuni. Na zinapofika madukani Darajani, au zikapakiwa garini zikaja hadi huku Kendwa, karibu kilomita 60 kaskazini ya Mji Mkongwe, huwa zimekwisha kuachishwa kazi na wenyewe, si kwa kuwa zimeharibika, bali kwa kuwa muda wa matunzo yake umekwisha na mashine mpya zimeshika nafasi. Mfano mmoja ni HP Z400, iliyotoka mwaka 2009: chuma kizito, chenye prosesa ya Xeon na kumbukumbu inayojisahihisha makosa, kilichoundwa kifanye kazi mchana kutwa pasipo kulalamika. Kwa kijana mwenye azma ya kujifunza kuandika programu, naona ni vigumu kupata chombo bora kuliko hicho kwa bei yake, ijapokuwa mita ya umeme ya Tukuza itahisi uzito wake zaidi kuliko wa kompyuta ya mapajani.

Taabu huanza pale anapotaka kukipa chombo hicho lugha. Prosesa hufuata amri za tarakimu tu, kwa hiyo anayetaka kuiamrisha kwa Python, kwa C au kwa Lua hana budi kupata kwanza programu ya kumfasiria, nayo hutolewa bure na waundaji wake katika mtandao; walakini toleo linalowekwa mbele ya macho ya kila mgeni ni la leo, lililokusudiwa mashine za leo, na kijana akilipakua kwa bando alilolinunua kwa shida hukuta halifunguki, ndipo aambiwe na wasiojua kwamba kompyuta yake imekufa. Ushauri huo ni wa dhuluma. Mafundi wa majahazi wa Nungwi, jirani zetu, hawakati tanga kabla ya kuupima mlingoti, na mtafutaji wa programu naye yampasa aanze kwa vipimo: ukoo wa prosesa, upana wake wa biti 32 au 64, na mfumo endeshi pamoja na namba ya toleo lake. Katika Windows habari hizo hupatikana kwenye ukurasa wa mfumo. Katika Linux, kwa habari za prosesa, huandikwa amri ya lscpu, na jawabu likaja papo hapo.

Ukoo ndio kipimo kisichosameheka. Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, iliyoasisiwa mwaka 1982 na kununuliwa na Oracle mwaka 2010, ilijenga kompyuta za kitaalamu juu ya prosesa yake yenyewe iitwayo SPARC, ambayo haielewi hata amri moja iliyoandikwa kwa prosesa za Intel. Na toleo la mwaka 2015 la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, lilipoiacha SPARC, wenye mashine hizo hawakuwa yatima, kwani mfumo wa NetBSD ungali unazitunza. Mashine za namna hiyo ni adimu. Zinazotufikia sisi ni za ukoo wa Intel, na kwa hizo mambo ni mepesi kwa sehemu kubwa.

Mepesi, lakini yana mitego miwili inayostahiki kuelezwa kwa utuvu. Mtego wa kwanza ni Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, na ambayo kompyuta nyingi za umri huu bado zimeibeba. Python 3.8, ya mwaka 2019, ndiyo ya mwisho kuikubali, na 3.9, iliyofuata mwaka 2020, huikataa. Waundaji wa Python, kwa wema wao, wamehifadhi matoleo yote ya zamani katika hazina yao wenyewe, basi hapana haja hata kidogo ya kuyafuata kwenye kurasa za wageni, ambako faili hupambwa vifungo vya kijani vingi na pengine huja na virusi. Nami sipendi kuona mashine ya Windows 7 ikiachwa kwenye mtandao huku imebeba daftari la wageni au hesabu za biashara, maana milango yake haikazwi tena na mtu yeyote.

Mtego wa pili umefichika zaidi. Mtu anaweza kuwa na Z400 yenye biti 64, akaweka Linux mpya kabisa, akafuata kila agizo la kufunga TensorFlow, ambayo ni hazina ya programu za akili bandia iliyotolewa na Google, na bado programu ikaanguka mara inapoanza. Sababu ni kwamba tangu toleo la 1.6, la mwaka 2018, faili zake zilizokwisha kutengenezwa hudai amri za hesabu ziitwazo AVX, ambazo Intel ilianza kuzitia katika prosesa zake mwaka 2011, ilhali prosesa za Z400 zilitangulia kuzaliwa. Hapo hakuna kosa la mwanafunzi wala ubovu wa chuma, na kufuta na kuweka upya mara kumi hakutabadilisha neno. Dawa ni kutumia toleo lililotangulia 1.6, pamoja na Python ya rika lake, au kuitengeneza programu upya kutokana na matini yake ya asili kwa kiasi cha prosesa iliyopo, kazi ambayo huweza kuchukua saa nyingi.

Kutengeneza kutokana na matini ndiyo njia ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue, kwa sababu humwondoa katika utumwa wa faili alizoandaliwa na wengine. Chombo chake ni kompaila, yaani programu inayogeuza matini ya mwandishi kuwa amri za prosesa, na mashuhuri kupita zote ni GCC, iliyotolewa kwanza na Richard Stallman mwaka 1987. Mwenye GCC anaweza kuanza na Lua, lugha iliyobuniwa mwaka 1993 katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazil, ambayo matini yake yote, ikibanwa, haifiki megabaiti moja na ambayo hutengenezeka karibu kila mahali palipo na kompaila ya C. Kwa anayenunua mtandao kwa megabaiti, jambo hilo si dogo.

Kwa mfumo endeshi, Debian imenifaa kuliko mingineyo. Mwenye biti 64 achukue toleo jipya. Mwenye biti 32 achukue Debian 12, ya mwaka 2023, kwa kuwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kufungia katika mashine hizo. Diski zake za DVD hubeba maelfu ya programu, lugha zikiwamo, hata mtu akaweza kusoma miezi mingi bila ya mtandao.

Mkonga wa mtandao wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam mwaka 2009 upakuaji ulipata wepesi, ila umeme wetu unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari hukatika, na waliokuwapo hawajasahau giza lililoanza Desemba 2009 likadumu takriban miezi mitatu. Kwa hiyo faili kubwa ipakuliwe kwa wget -c, amri inayoendelea ilipoishia badala ya kuanza upya. Kisha faili ihakikiwe kwa alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao waundaji huutangaza pamoja na faili: amri ya sha256sum ikitoa mfuatano ule ule, faili ni salimini, ikitofautiana walau kwa herufi moja, isifunguliwe.

Na kwa kuwa leseni za programu hizi huruhusu kila mtu kunakili na kugawa, upakuaji mmoja watosha mtaa mzima. Tanzania, iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, ndiyo ambayo Chuo Kikuu chake cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kwa uhuru huo huo wa leseni. Skuli yenye diski moja ya ziada inaweza kuweka humo Debian 12 na 13, Python 3.8 kwa wenye Windows 7, matini ya Lua, na karatasi ya alama za SHA-256 za kila faili. Mwanafunzi wa Kendwa, Kidoti au Matemwe aje na flashi yake na vipimo vya mashine yake, aondoke na faili inayomfaa.