Kazi Ipi Ianze?

Katika ofisi nyingi za programu, jibu la "ipo kwenye bakilogi" hutuliza mambo. Mkuu wa masoko akidai kitufe kipya, anaambiwa ipo. Mteja akilalamika kwamba risiti zinachelewa, hiyo nayo ipo. Mwaka ukiisha, bakilogi hiyo, yaani orodha ya kazi zinazosubiri kufanywa kwenye bidhaa, imejaa mamia ya tiketi, yaani maombi ya kazi, zisizosomwa na mtu, nyingine zimeandikwa na watu walioshaacha kazi. Orodha ya namna hiyo ni stoo tu. Haimwambii mwanatimu akiingia kazini Jumatatu aanze na lipi.

Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waasisi wa Scrum, mtindo wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi, wanasema katika mwongozo wao wa 2020 kwamba bakilogi ni orodha inayoendelea kujengeka, iliyopangwa kwa mfuatano, na ndiyo chanzo pekee cha kazi ya timu. Mfuatano ndio moyo wa jambo. Ukigawa kazi kwa madaraja ya juu, kati na chini, haupiti mwezi kila kitu kimepanda juu, maana hakuna mkuu wa idara atakayekubali ombi lake liitwe la chini. Kwenye mfuatano hakuna pa kujificha: ya kwanza ni moja, na ya pili itangoja. Toleo hilohilo liliongeza lengo la bidhaa, ili kila kazi iulizwe inatusogeza wapi. Kazi isiyo na jibu haina haki ya kukaa pale.

Tazama M-Pesa, huduma ya Kenya ya pesa kwa simu. Sidai kwamba waliofanya kazi ile walifuata Scrum, lakini uamuzi wao ni somo zuri la kupanga. Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wapatao 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Lengo lilikuwa wakopaji wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Wateja wakawa na yao. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao, wengine wakawanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi, na kuoanisha mfumo na vitabu vya mikopo kukawa kazi ngumu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, urejeshaji wa mikopo, ambao ndio uliouzaa mradi wenyewe, haukuwa mbele tena. Kilichotangulia ni kutuma pesa nyumbani, pamoja na kuweka, kutoa na kununua muda wa maongezi.

Mikopo haikupotea. Ilirudi Novemba 2012 kwa sura nyingine, huduma ya akiba na mikopo ya M-Shwari, wakati tayari mamilioni ya watu walikuwa wakiitumia M-Pesa kila siku. Ndiyo maana siwaonei huruma wanaoogopa kufuta tiketi. Hitaji la kweli likifutwa leo litabisha hodi tena, na mara nyingi litakuja limeeleweka vizuri zaidi.

Sasa tushuke kwenye tiketi yenyewe. Chukua programu ya SACCO, chama cha akiba na mikopo. Mtu ameandika: "Boresha ukurasa wa mikopo." Hiyo haipangiki wala haikadiriki, kwa sababu hakuna ajuaye itaisha lini. Iandike hivi: "Mwanachama aone salio la mkopo wake bila kupiga simu ofisini." Chini yake weka masharti ya kukubaliwa: salio lioneshe tarehe ya malipo ya mwisho, malipo ambayo bado hayajathibitishwa yaonekane pembeni bila kupunguza salio, na mwenye mikopo miwili aione yote miwili. Sharti la pili pekee litazua mabishano na mhasibu, na ni heri yazuke kabla programu haijaandikwa. Ron Jeffries alilieleza hili mwaka 2001: kuna kadi, kuna mazungumzo, kuna uthibitisho. Timu nyingi zinaishia kwenye kadi.

Kazi ikiwa kubwa, ikate kwa namna ambayo kila kipande kina faida kwa mtumiaji. Kuanza na hifadhidata nzima, kisha mantiki yote, kisha skrini, ni kukaa miezi bila kitu cha kumwonesha mwanachama. Salio la mkopo mmoja tu, linaloonekana kwenye simu, ni kipande halali.

Si lazima kila tiketi ipigwe msasa kiasi hicho. Za juu, zitakazoingia kwenye wiki mbili tatu zijazo, ziwe ndogo na wazi. Za katikati zitoshe kwa sentensi moja. Mwongozo wa Scrum wa 2017 ulikadiria kwamba unoaji huu kwa kawaida hauzidi asilimia 10 ya uwezo wa timu. Toleo la 2020 likaiondoa namba hiyo. Bado naiona ni kipimo kizuri. Timu inayotumia siku nzima kila wiki kubishana juu ya tiketi ya mwakani inachezea mshahara.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Ryan Singer, katika kitabu chake cha 2019 alipokuwa kwenye kampuni ya programu ya Basecamp, alisema wao hawakuwa na bakilogi kabisa: wazo lisilochaguliwa kwa mzunguko unaofuata halikuhifadhiwa popote pa pamoja. Naupenda ujasiri huo, ila sioni ukifaa programu ya fedha. Hitilafu inayokata makato mara mbili, au agizo la mdhibiti lenye tarehe ya mwisho, haliachiwi kumbukumbu ya mtu.

Yote haya yanamhitaji mwenye bidhaa mmoja, mtu na si kamati, mwenye mamlaka ya kukataa. Kwetu shida huanza pale mkurugenzi anapompigia mwandishi wa programu moja kwa moja usiku: "Kijana wangu, nisaidie kitu kidogo." Kijana hawezi kumkatalia mzee. Mwenye bidhaa ndiye wa kwenda kwake asubuhi na orodha mkononi, amwoneshe tano za juu, kisha aulize kwa adabu: "Mzee, tushushe ipi ili yako ipande?"