Bamvua Lingewasha Taa Muyeye?

Ndugu zangu wavuvi wa Muyeye huniuliza: maji ya bamvua yana nguvu hivi, mbona hayatupi umeme? Ufaransa yanawapa. Tangu 1966, ukuta wa mlangoni mwa mto Rance huzuia maji yakijaa, kisha huyaachia yazungushe mitambo ya megawati 240. Lakini huko maji hupanda wastani wa mita 8. Kwetu, hata bamvua, ni mita 4 hivi. Tena chumvi hula vyuma, na gharama hupanda. Jua ni rahisi zaidi: Langobaya, hapa hapa Malindi, linatoa megawati 40. Akija mwekezaji wa mawimbi, nashauri tusimfukuze. Tumuulize: umeme utauzwa bei gani, na madau yetu yatapita wapi?