Uchovu Usioonekana

Mwezi huu tuongee juu ya ule uchovu ambao hauponi kwa kulala. Mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala, na kazi ya jana wala haikuwa nzito.

Sisi tuliokaa Bujumbura tunajua ulikoanzia. Amri ya kutotoka usiku iliwekwa mwaka 1972, ikaondolewa Aprili 2006. Miaka 34! Kule Kamenge na Kinama tulizoea kufunga mlango mapema, halafu kusikiliza. Mlio ule uko mbali au karibu? Watoto wote wamo ndani? Julai 2003, mabomu yalipoanguka mjini, nani alilala? Mwaka 2015 milio ikarudi, na wengi tukakimbia.

Sasa je, hapa kambini milio hamna. Lakini sikio bado liko zamu. Mwili uliozoea hatari unashtuka hata jirani akibisha hodi kuomba chumvi. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakatika katika. Hiyo nayo ni kazi, tena ya usiku kucha.

Juu yake weka hesabu za kila siku. Unga utatufikisha siku ya posho? Kadi ya chanjo iko wapi? Ndugu aliyebaki Cibitoke mbona hapigi simu? Mara nyingi anayebeba hesabu hizo ni mama, na akiulizwa "leo umefanya nini?" hana cha kuonyesha. Baba naye, kwetu wanasema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni, basi anakuwa mkali tu, au anakunywa. Watoto wanaona ugomvi, uchovu hawauoni.

Zahanati tunasema kichwa, mgongo, tumbo. Tunapewa vidonge, tunarudi. Safari ijayo mwambie muuguzi na haya: unaamka mara ngapi usiku, unashtushwa na nini, tangu lini. Siyo wazimu. Bujumbura wengi tuliogopa hata kuonekana karibu na kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, eti watasema fulani amerukwa na akili. Kwa aibu hiyo watu waliteseka bure.

Na nyumbani, jaribuni jioni moja: kila mtu ataje anayoyakumbuka kwa niaba ya wote, kama posho, maji, dawa za bibi. Halafu mgawane. Hata mtoto wa miaka 10 anaweza kushika tarehe ya kliniki.