Hogo Limefunguliwa, Kiwiko Kimegoma

Sogeeni niwasimulie habari za kijana mmoja wa Tanga. Jina lake la shule tuliache. Tumwite Mkwezi, maana kukwea ndiko kulikomponza. Aliteleza mwembeni, akatanguliza mkono, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Msimcheke. Watoto wa umri wa shule ya msingi huvunjika hapo mara nyingi sana.

Hospitali wakamfunga hogo. Wiki zikapita, hogo likafunguliwa, na Mkwezi akabaki kinywa wazi: mkono umekonda, ngozi inabanduka, kiwiko hakinyooki wala hakikunjiki. Tonge la ugali alilimega vizuri, ila halikufika mdomoni. Hakuna kilichoharibika. Misuli isiyofanya kazi hunywea upesi, na kiungo kisichochezeshwa hukakamaa.

Bibi yake akataka apelekwe kwa mchuaji, akandwe kwa mafuta ya nazi. Hapa tegeni masikio. Kiwiko kilichovunjika hakichuliwi, wala hakivutwi kwa nguvu. Kikilazimishwa huvimba zaidi, na pengine mwili huanza kuotesha mfupa ndani ya msuli, mahali pasipotakiwa mfupa. Hapo ndipo mkono hukwama kwelikweli. Mama yake Mkwezi akasema kwa adabu, "Mama, daktari ametuandikia fiziotherapia. Twende huko kwanza." Bibi hakununa. Alivaa kanga zake, akafuatana nao akaone mwenyewe.

Mkwezi alipoingia tu, macho yake yalitafuta sindano. Hakuiona. Aliona magodoro, mipira mikubwa ya kukalia, vioo ukutani, na vyuma viwili sambamba ambapo mzee aliyepooza upande mmoja alikuwa akijifunza kutembea upya.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, baba. Unaandikia mkono gani? Nyumbani unashindwa kufanya nini?"

Akataja: kufunga vifungo vya shati, kula, kujisugua shingo wakati wa kuoga. Mtaalamu, dada mmoja wa fiziotherapia, aliyaandika yote. Ukifika kwake, usijibu "kila kitu" wala "sijui". Mazoezi utakayopewa yatatokana na majibu yako. Ndiyo sababu nampenda mtoto anayejisemea mwenyewe, wazazi wakajazia baadaye.

Kisha akamwomba avue shati, mama akiwa pale pale. Alianza na mkono mzima, ili apate cha kulinganishia. Akatoa kifaa kinachofanana na protrakta ya kwenye mkebe wa hisabati, ila kina mikono miwili mirefu ya plastiki. Mkono mmoja wa kifaa akaulaza kuelekea bega, mwingine kuelekea kifundo cha mkono, akasoma. Kiwiko kizima kilikunjika nyuzi 140. Kile kilichovunjika kiliishia 95.

Nguvu nazo zina alama zake, kuanzia 0 hadi 5. Sifuri, msuli hautikisiki kabisa. Tatu, unaweza kuinua mkono ukibeba uzito wake tu. Tano, unasukumana na mtaalamu naye hakuwezi. Mkwezi akapata 4. "Hisabati nimewahi kupata chini ya hapo," akasema, bibi akaangua kicheko.

Swali la maumivu likafuata. Mtoto mdogo huonyeshwa karatasi yenye sura sita, ya kwanza inatabasamu, ya mwisho inalia, naye huchagua ya kwake. Sura hizo zilibuniwa Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wanaoshindwa kueleza wanavyoumia. Mkwezi alikuwa mkubwa, akaulizwa kwa maneno. Akaambiwa kwamba kuvutwa kidogo wakati wa zoezi si kitu, lakini kuchoma, ganzi vidoleni, au maumivu yanayolala naye mpaka asubuhi, hayo ayaseme. Ukijikaza kiume kimyakimya, mtaalamu atakuongezea mzigo akidhani uko sawa.

Mazoezi yenyewe yalimshangaza kwa udogo wake. Futa meza kwa kitambaa, ukipeleka mkono mbali kadiri uwezavyo. Peleka kiganja mdomoni, halafu begani. Kunja, nyoosha, taratibu, kwa nguvu zako mwenyewe. Mtaalamu hakumvuta; aliushika mkono wa juu tu, kiwiko kisidanganye kwa kuinua bega. Mara chache kila siku nyumbani, akasema, kisha wakaagana.

Waliporudi kwa mtaalamu, mama aliulizwa kama mtoto alifanya mazoezi. Kabla hajajibu, kipimo kilikuwa kimeshasomwa: nyuzi 97. Mkwezi akatazama dari.

Ungedhani atagombezwa. Yule dada alimuuliza tu, "Yalikuchosha au yalikuudhi?"

"Kufuta meza ni kazi ya wasichana."

Bibi akakohoa kwa namna yake, mama akamkazia macho. Mtaalamu akacheka, akatoa mpira laini. Urushe ukutani, udake kwa mikono miwili, mara mia ukitaka, ila bila kuanguka, na usining'inie popote kwa mkono huo hadi daktari wa mifupa aone picha mpya ya eksirei. Meza nayo utaifuta, akaongeza, kwa sababu mpira haunyooshi kiwiko vizuri kama kitambaa.

Bibi ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu.