Michirizi ya Midomo na Mkao wa Taya

Ukiitazama kwa makini alama iliyoachwa na rangi ya midomo ukingoni mwa kikombe, utabaini kwamba si doa tupu, bali ni mchoro wa michirizi, mingine ikiwa imesimama wima, mingine imegawanyika kama matawi, na mingine imekatizana mithili ya nyavu za wavuvi. Mwaka 1932 Edmond Locard wa Ufaransa alipendekeza alama hizo zitumike kuwatambulisha watu. Na mwaka 1974 Mjapani Tsuchihashi, baada ya kukagua midomo ya watu 1,364, alieleza kuwa hakuwapata wawili waliolingana kwa yote, hata pacha wa yai moja, ambao alama zao hushabihiana mno. Kwa kuwa pacha hao hukaribiana hivyo, na kwa kuwa watoto nao aghalabu hufuata michoro ya wazazi wao, ilidhihirika kuwa nasaba ina sehemu yake katika jambo hili.

Matabibu wa meno nao wana kipimo chao cha mkao wa taya, walichorithi kwa Mmarekani Edward Angle tangu mwaka 1899, nacho ni jinsi gego kubwa la kwanza la juu linavyokutana na lenziwe la chini. Yakikutana sawasawa, ni daraja la kwanza. La chini likibaki nyuma, ni la pili. Likitangulia mbele, ni la tatu, na hapo kidevu huonekana kimechomoza. Lakini gego laweza kusogea peke yake ilhali mfupa uko mahali pake, ndiyo maana tabibu hupiga picha ya eksirei ya kichwa kwa ubavuni, apate kupima taya zenyewe.

Basi midomo inaingiaje? Jawabu limo tumboni mwa mama. Kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, uso wa mtoto huundwa kwa vinundu vinavyokua vikielekeana mpaka vikaungana, na vinundu vile vile vinavyotoa mdomo wa juu ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya taya la juu, kama ambavyo mdomo wa chini na taya la chini vina chimbuko lao moja. Kwa hiyo watafiti, hasa wa India, wamekuwa wakilinganisha michirizi na madaraja ya taya, wakitumaini kwamba ngozi ingefichua mapema kasoro ambayo mfupa haujaidhihirisha.

Tumaini hilo naliheshimu, kwani lina msingi. Ila matokeo yana ikhtilafu kubwa, mchoro unaohusishwa na daraja la tatu katika mji mmoja ukiwa hauonyeshi lolote katika mwingine. Wala si ajabu, maana taya huendelea kukua miaka mingi baada ya kuzaliwa, na kunyonya kidole kwa muda mrefu huweza kuyasukuma meno, ilhali michirizi hubaki ilivyokuwa. Chapa ya midomo, kwa hali ilivyo leo, ni dalili ya kuchunguzwa, si hukumu ya tabibu.

Kwa hiyo, ewe mzazi, mtoto wako afikapo umri wa miaka 7, mwambie aume magego yake na afunue midomo. Ukiona meno ya chini yamepita mbele ya yale ya juu, usingoje akue, mpeleke kwa tabibu wa meno sasa, kwa sababu taya la juu huvutika mbele kwa wepesi zaidi kabla hajatimiza miaka 10.