Mjumbe au Wakili? Istilahi Moja ya Lugha za Kompyuta

Katika lugha za kompyuta zilizojengwa juu ya dhana ya vitu, kila kitu hubeba data zake pamoja na vitendo vyake. Lugha ya C#, iliyotangazwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2000, ina chombo kiitwacho delegeti. Hicho hushika rejeo la kitendo, ili kitendo kikabidhiwe sehemu nyingine ya programu na kutekelezwa huko. Neno la Kiingereza lililozaa jina hilo hufasiriwa kwa kawaida "mjumbe". Tafsiri hiyo yafaa ichunguzwe.

Na ichukuliwe orodha ya maneno ya kamusi inayotakiwa kupangwa. Amri ya kupanga hujua kuhamisha maneno, lakini haijui lipi litangulie. Mtungaji mmoja wa kamusi huweka "kusoma" chini ya K. Mwingine chini ya S, kwa kuwa shina ni "soma". Basi amri hukabidhiwa delegeti ya kitendo cha kulinganisha, kinachopokea maneno mawili na kurudisha namba: hasi, sifuri au chanya. Kitendo chochote chenye umbo hilo hukubaliwa. Kisicho nalo hukataliwa kabla programu haijaanza kazi.

Sarufi ya Kiswahili inalijua jambo hili. "Soma!" ni amri, "kusoma" ni jina la tendo, nalo laweza kuwa yambwa pasipo mtu kusoma. Vivyo hivyo, tangu toleo la pili la C# la mwaka 2005, jina la kitendo likifuatwa na mabano, kitendo hutendeka. Likiachwa bila mabano, hukabidhiwa tu. Tena delegeti ikishika kitendo cha kitu fulani, hukishika na kitu chenyewe, kama isemwavyo "kusoma kwake Juma".

Hapo ndipo "mjumbe" linapopungua. Mjumbe hauawi, kwa sababu maneno si yake na tendo si lake. Delegeti, kinyume chake, ikiitwa, kazi yenyewe hufanyika. Katika ndoa ya Kiislamu walii aweza kumweka wakili aozeshe kwa niaba yake, na tamko la wakili lina nguvu ileile ya tamko la walii. Ni kweli kwamba "wakili" siku hizi humkumbusha msomaji mahakama. Lakini hata huko maana ya asili ni kutenda kwa niaba. Istilahi imfundishayo mwanafunzi maana ya chombo ni bora kuliko ile ifuatayo kamusi ya Kiingereza tu.